Mwenye Kuonja Kwanza

Augustin alikuwa mtu wa kusema kitu kama kilivyo. Mteja akimletea mlango ulioliwa na kutu hakumdanganya kwamba utapona. Alimwambia, "Papa, hii imekufa, lete chuma ingine." Ndiyo sababu wateja walimwamini na majirani walimwogopa kidogo. Karakana yake ya kuchomelea vyuma ilikuwa Mudzipela, mtaa wa Bunia, kando ya barabara ya vumbi, na watu wa pale walikuwa wamezoea kelele zake kama mke anavyozoea mume anayekoroma.

Neno moja tu lilimshinda kulisema kama lilivyo, nalo ni kwamba alimpenda mke wake. Hilo alilisema kwa chuma. Godelive akilalamika kwamba meza yake ya sokoni inayumba, kesho yake alikuta ina miguu mipya. Akisema mbuzi wa jirani wanakula mboga zake, jioni alikuta uzio. Augustin hakuongeza maneno. Alisimama tu pembeni akifuta mikono kwenye suruali, akingoja kuona kama mke wake ameona.

Godelive alizaliwa Mahagi-Port, mbele ya ziwa, na sokoni aliuza samaki wa kukausha aliotumiwa na kaka yake. Augustin alitoka kwa watu wa ng'ombe. Kwao zamani mtu mzima hakuonekana akitafuna samaki, na mama yake alikubali ndoa ile kwa sharti moja: sufuria ya samaki isiingie jikoni kwa mwanawe. Mama alikwisha kufa, sharti likabaki. Nyumba ikawa na majiko mawili, moja ndani na moja uani, na siku za samaki Godelive alipika uani akala na watoto, huku Augustin akisogeza kiti chake upande upepo unakotoka, na kikombe chake cha maziwa mkononi.

"Uliowa ziwa," Godelive alimwambia, "na bado unalilia maziwa."

"Niliowa mutu," Augustin alijibu. "Samaki ilikuya nyuma, pamoja na mizigo."

Watoto walikua na mzaha huo. Lydie, mkubwa wao, aliolewa akauacha pale pale, nao haukuchakaa.

Kazi ile ya hospitali Godelive aliianza bila kujua kwamba anaianza. Alikuwa amekwenda kumwangalia mtoto wa dada yake, na kitanda cha pili alilala mama mmoja kutoka Gety ambaye hakuwa na mtu. Kule hospitali dawa utapewa, lakini chakula ni cha ndugu zako. Ndugu wakipotezana barabarani wakati wa kukimbia, utameza dawa na tumbo tupu. Kesho yake Godelive akamletea sahani ya bugali na sombe, yale majani ya muhogo. Yule mama akashukuru, akageukia ukuta.

Godelive alisimama pale kama mtu aliyegonga mlango na kusikia watu wakinyamaza ndani. Kisha akafahamu. Kwa watu wetu, mwenye kukupa chakula anaonja mbele yako. Asipoonja, hata akiwa shemeji yako, utajiuliza. Na tangu miaka ya vita watu wanajiuliza zaidi, maana mle hospitalini wanalala pamoja wa Bule na wa Gety, wa mlimani na wa ziwani, na hakuna anayejua sufuria imetoka kwa nani. Akanawa mikono, akakaa kitandani, akamega tonge, akachovya, akameza. Yule mama aligeuka akamwangalia koo. Halafu akanyoosha mkono. Walimaliza sahani wakiwa wawili, na katikati ya sahani yule mama akaanza kusimulia habari za shamba lake.

"Haikukuwa njaa tu," Godelive alimwambia mume wake jioni. "Alikuwa anakula sawa mutu iko nazungumuza."

Hivyo wakajikusanya, wamama wa parokia na wazee wachache wa kuwasaidia katika salle, yaani wodi, ya wanaume, wakajiita Sahani Moja. Sheria yao ilikuwa ndogo. Hakuna kuacha chakula na kuondoka. Kila mgonjwa asiye na mtu anapata mwenzake, na mwenzake anaonja kwanza, kisha wanakula pamoja mpaka sahani inaonyesha chini.

Augustin alisema chama kile kitammaliza mke wake. Baada ya kusema hivyo akatengeneza kigari cha kubebea sufuria, kwa magurudumu mawili ya pikipiki, na pete za chuma za kuzishika zisimwagike kwenye mashimo. Watu wa mtaa wakakiita ambulance ya sombe. Alikisukuma mwenyewe kila saa sita, kwa sababu, alisema, gurudumu la kushoto lina tabia zake. Akifika hospitali alikaa kwenye benchi mlangoni mwa salle akingoja sufuria zirudi. Ndani hakuingia. Kula na watu asiowajua hakukuwa kazi yake, na siku nyingine sufuria zilikuwa na samaki.

Basi, shirika lililokuwa likiwapa unga na maharagi likafunga ofisi, likauza hata viti. Godelive akaanza kutoa samaki wa meza yake. Augustin alipopita sokoni aliona mbao za meza zinazidi kuonekana, samaki wanazidi kupungua. Jioni moja mke wake alirudi akakaa kwenye ngazi ya mlango bila kuvua viatu.

"Tukikosa musaada, tutafunga mbele ya mvua kuanguka," alisema, kama mtu anayesema jua limezama.

Kama angelia, Augustin angejua la kufanya. Angemletea maji. Lakini alisema tu, akabaki anaangalia njia, na wasiwasi wa mgonjwa wa kesho ulikuwa usoni mwake. Usiku ule Augustin hakukoroma.

Ni Régine aliyeleta habari ya fondation. Régine alikuwa mwalimu, sasa amestaafu, na ndiye katibu wa chama. Alisikia parokiani kwamba kuna fondation moja ya Ulaya inayosaidia vyama vidogo vya watu wenyewe, mradi viwe na hati zake na viweze kueleza kazi yao vizuri. Wakakusanyika karakanani kwa Augustin, kwa kuwa kulikuwa na umeme wa kompyuta ya Régine na mabenchi ya kukalia. Augustin aliendelea kusaga kona za geti la mtu, lakini alisaga polepole ili asikie.

"Banauliza," Régine akasoma, akigeuza Kifaransa kuwa Kiswahili, "siku moja ya kazi yenu inaendaka namna gani, kuanzia asubuhi."

"Andika," Godelive akasema. "Tunapika. Tunapeleka. Tunakaa na mugonjwa, tunaonja, tunakula naye."

Mashine ya Augustin ikanyamaza. Akainua miwani yake ya kazi juu ya paji la uso.

"Mufute ile."

"Ile gani?"

"Ya kukula. Muandike munapika, munapeleka, mugonjwa anakula. Basi."

"Lakini tunakula, Baba Lydie. Ndiyo kazi yenyewe."

"Mimi najua. Bale ya Ulaya banajua? Batasoma: batu ya Bunia banaomba chakula ya bagonjwa, kisha banaikula beye. Mulisahau komite ya mbuzi?"

Hakuna aliyekuwa ameisahau. Miaka ya nyuma mtaa ulipata mbuzi wa kugawia wajane, na komite, kwa furaha, ikachinja mmoja ili kuwapokea wenzake. Nia yao ilikuwa safi kabisa. Lakini tangu siku ile mwanakomite akipita njiani, watoto walilia kama mbuzi. Papa Fulgence, dereva wa zamani na mwenzao wa salle ya wanaume, alikuwa katika komite ile. Sasa alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Anasema kweli," Fulgence akasema. "Mimi bananilia mee mpaka leo. Juzi hata kwenye misa."

Wote wakamwangalia Godelive. Yeye alimwangalia mume wake kwa muda. Alijua kwamba mtu huyu haongei ovyo, na kwamba geti lile alikuwa analisaga ili awasikilize tu tangu walipofika. Akamwonyesha Régine mstari ule kwa kidole. Régine akafuta.

Jibu la kwanza likaja: karatasi zao zimependeza, mtu wa fondation atatoka Kisangani kuja kuona kazi kwa macho. Wamama wakapiga vigelegele mpaka wateja wa Augustin wakafikiri kuna harusi. Yeye akangoja wanyamaze, akaongeza shauri la pili, akiwa na imani nalo kama na la kwanza. Siku ile ya mgeni hakuna kugusa chakula. Kama karatasi inasema mgonjwa anakula, mgeni akute mgonjwa anakula.

"Siku moja tu," alisema. "Bagonjwa batafahamu."

"Batafahamu nini?" Godelive akauliza.

"Kwamba tuko na mugeni."

Mgeni alikuwa msichana wa miaka thelathini hivi, mwenye miwani mikubwa, na jina lake Joyeuse, yaani mwenye furaha. Fulgence alisema baadaye kwamba wazazi wake walimpa jina hilo kabla ya kumwona vizuri, kwa sababu asubuhi nzima hakucheka. Walimpokea nyumbani kwa Godelive. Wakamwekea chai ya maziwa na mandazi chini ya kitambaa cheupe, kisha wakajipanga mbele yake wakiwa na vitenge vya aina moja, mikono wameikunja, wakimwangalia. Kikombe kilikuwa kimoja. Madame Joyeuse akaangalia kikombe. Akawaangalia wao. Akasema asante, alikuwa ameshakunywa hotelini.

"Iko na kiburi," Régine akanong'ona.

"Ni tumbo," Fulgence akasema. "Ndege inaharibu tumbo."

Madame Joyeuse aliuliza maswali mazuri. Kuni mnatoa wapi, maji nani anachota, mkikosa unga mnafanyaje. Godelive akajibu yote, na alipojibu lile la unga hakutaja meza yake ya samaki. Augustin, aliyekuwa akifunga sufuria kwenye kigari, ndiye aliyepaza sauti kutoka nje, "Anatoa samaki yake mwenyewe, Madame. Angalia meza yake pale soko, iko uchi." Godelive akamkodolea macho. Madame akaandika kwenye simu yake.

"Na jina?" akauliza. "Kwa nini mnaitwa Sahani Moja?"

Wamama wakaangaliana. Mmoja akarekebisha kilemba ambacho hakikuwa na kosa.

"Ni jina tu, Madame," Régine akasema. "Tuliona iko muzuri."

Madame akaandika na hilo.

Wakaondoka kwenda hospitali, kigari mbele, vitenge nyuma. Augustin alikuwa amevaa ovaroli iliyofuliwa. Alisukuma huku moyo wake ukiwa mwepesi, akihesabu kazi kuwa imekwisha. Katika sufuria kubwa mlikuwa na samaki wazima wenye mchuzi, zawadi ya kaka ya Godelive kutoka Mahagi-Port kwa ajili ya siku hiyo. Augustin alizuia pumzi kila upepo ulipogeuka.

Mlangoni akakaa kwenye benchi yake. Kutoka pale aliona salle ya wanaume mpaka mwisho. Godelive na wenzake wakapita kitanda kwa kitanda, wakaweka sahani, na kila sahani samaki wake. Kisha wakarudi nyuma, wakasimama kando ya ukuta kama kwaya inayongoja mwalimu. Madame Joyeuse akasimama katikati.

Hakuna mkono uliosogea.

Kitanda cha tatu alilala mzee Julien, mtu wa Bule, mguu wake umefungwa mbao. Alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kuita watu ng'ambo ya bonde.

"Mama Godelive. Leo mumefunga?"

"Hapana, muzee."

"Muko bagonjwa?"

"Hapana, muzee."

"Basi, juu ya nini hamukuye kukaa?"

"Kula tu, muzee. Leo tuko na mugeni."

"Mugeni namuona," akasema mzee Julien. Akamwangalia Madame, miwani yake, simu yake. Akaangalia sahani. "Na samaki naona. Siku zote ya maharagi mulikaa na siye. Leo samaki mukubwa, mugeni hatumujue, na hakuna hata moja anaweka mukono." Akaisukuma sahani kuelekea miguuni, kwa adabu, kama mtu anayerudisha kitu cha jirani. "Mimi nitangoja kwanza."

Davy, kijana wa Gety, mkono mmoja kwenye bandeji, alikuwa na tonge tayari katika mkono mwingine. Akalirudisha. Wa upande wa pili akasukuma yake. Kikawa kinasikika kitu kimoja tu, sahani za bati zinazotembea juu ya blanketi.

"Ndivyo kila siku?" Madame Joyeuse akauliza kwa sauti ndogo. "Hawali?"

Godelive alijua jibu. Angeweza kusema. Neno lilikuwa moja, na mgeni alikuwa mbele yake. Lakini chama kilikuwa kimepatana, na aliyeleta shauri alikuwa mume wake, naye hakuwa mwanamke wa kumtupa mumewe mbele ya wageni. Akageuza kichwa, akaangalia mlangoni.

Augustin aliyaona macho yale. Yangekuwa ya hasira ingekuwa nafuu. Yalikuwa macho ya jioni ile ya ngazi, ya viatu visivyovuliwa. Aliona kazi yote inaondoka, sufuria, kigari, yule mama wa Gety aliyesimulia shamba lake, na aliyeifungulia mlango iondoke ni yeye, na akili yake ya mbuzi.

Akasimama. Akaingia. Alichukua kata kwenye ndoo, akanawa mikono mpaka viwikoni, akaenda kitanda cha tatu.

"Sogea, muzee."

"Weye ni nani?"

"Mimi ya kigari."

"Ya mulango. Nakuonaka kila siku. Hauingiaka."

"Leo nimeingia."

Akakaa, kitanda kikalia. Akavuta sahani katikati yao. Hapo ndipo alipomkumbuka samaki, maana samaki alikuwa anamwangalia. Alikuwa na jicho moja jeupe na mdomo wazi kidogo, kama mtu anayetaka kuuliza kitu. Augustin akamkumbuka mama yake, akamwomba ndani ya moyo aangalie upande mwingine kidogo. Akamega bugali, akabana nyama ya mgongoni pamoja na chochote kilichoshikana nayo, akaitia kinywani na kumeza kama mtu anayemeza dawa.

Salle nzima iliangalia koo lake.

Na koo lake likakataa. Mwiba ulikaa wima njiani. Augustin alikohoa mara ya kwanza kwa heshima, mara ya pili kwa nguvu, kisha akawa mwekundu macho na kushika shingo. Davy akafanya ishara ya msalaba. Mtu wa kitanda cha mwisho akasema, "Si nilisema," ingawa hakuwa amesema kitu. Madame Joyeuse akaanza kuita muuguzi.

Mzee Julien peke yake hakuogopa. Alimkazia macho Augustin kama fundi anavyokazia mashine inayotoa sauti mbaya. Akamwinamia.

"Weye. Haujuake kula samaki?"

Augustin akatikisa kichwa.

"Tangu lini?"

"Tangu kuzaliwa," Augustin akasema kwa sauti iliyobaki.

Mzee akampiga mgongoni kwa kiganja, pigo la mtu wa shamba, na mwiba ukaondoka. Kutoka ukutani ukasikika mlio, kama sufuria inayoanza kuchemka. Ni Godelive. Alikuwa amejiziba mdomo kwa kitenge, lakini kicheko kilipita pembeni, kikamshinda, akateleza na ukuta mpaka chini na vazi lake la wageni. Alicheka na machozi. Kila alipotaka kusema kitu alimwonyesha kidole mume wake, akaanza upya.

"Ni bwana yangu," akafaulu mwishowe. "Miaka yote ile nampikia. Amekataa. Kumbe alikuwa nangoja hospitali."

"Mutu ya ng'ombe," mzee Julien akasema kwa huruma, kama anayetaja ugonjwa. "Angalia hapa. Haumezi samaki sawa dawa ya kinini. Unafungua hivi. Mugongo unakuya yote, na miiba yake. Hapa nyuma ya kichwa ndiyo nyama ya bwana. Ile ya tumbo unaenda nayo polepole." Na kumwonyesha vizuri akafungua, akatoa mgongo wote mzima, akaweka pembeni, akachukua nyama ya nyuma ya kichwa, na kwa kuwa mkono wake ulikuwa umeishika tayari, akaila.

Davy aliona. Akachukua tena tonge lake. Godelive akainuka, akajifuta uso, akaenda kukaa kwake na kuonja, na wenzake wakaondoka ukutani kila mmoja kwenda kwa mtu wake, Fulgence kwa yule wa kitanda cha mwisho aliyedai kwamba alikuwa amesema. Salle ikarudi kuwa kama siku zote, sauti za watu wanaokula na kubishana.

Madame Joyeuse alibaki amesimama peke yake.

"Andika, Madame," Augustin akasema, kinywa kimejaa. "Siye tunakula. Kila siku tunakula chakula ya bagonjwa, juu bagonjwa habakule bila siye. Ni mimi niliambia bamama bafiche. Beye habana kosa."

"Mlificha kwa nini?"

"Juu ya mbuzi."

"Mbuzi gani?"

"Madame," Fulgence akasema haraka, "ile ni habari ingine."

Madame Joyeuse akavua miwani. Bila miwani alikuwa na sura ya binti wa mtu.

"Asubuhi mulinipa chai," alisema.

"Ndiyo," akasema Godelive.

"Kikombe moja. Na nyinyi bote mumesimama, munaniangalia. Hakuna aliyeonja." Akapangusa miwani kwa ncha ya blauzi. "Mimi ni mutoto ya Isiro, mama. Kama ningekunywa ile chai, mama yangu angenipiga kwa simu."

Ndipo alipocheka, na kicheko chake kilistahili jina lake. Wamama wakashika vichwa. Régine alisema Yesu wangu, chai ile, na alikuwa ameipika kwa mkono wake mwenyewe.

Mgeni akaenda kwenye ndoo akanawa. Karibu na dirisha kulikuwa na mvuvi wa ziwani, amelazwa usiku uliopita, ambaye hakuwa amepata mwenzake bado. Akakaa kando yake, akamega, akaonja, akamngojea. Simu aliiacha juu ya kigari.

Walipotoka alimwambia Godelive, "Hiyo haikuwa mu dossier, mu makaratasi yenu."

"Tuliifuta."

"Muirudishe. Muandike namna munafanya na juu ya nini munafanya. Mimi siamue peke yangu, mama, sitaki kukudanganya. Lakini nitasema kile nimeona."

Wakairudisha. Karakana ikajaa tena, na safari hii Régine alimgeukia Augustin, vidole vikiwa tayari. Augustin alifikiri kidogo, akasema, "Andika: mugonjwa hana mutu, siye ni mutu yake." Régine akasema Kifaransa hakitakubali iwe fupi hivyo. Augustin akasema basi Kifaransa kijipange. Régine akaiandika ilivyo.

Wakangoja. Mvua ya kwanza ilianguka, na chama hakikufungwa, kwa sababu kila Godelive alipotaka kutamka neno la kufunga kulitokea mtu na kikapu cha mihogo. Mzee Julien naye alikataa mwenzake mwingine. Alisema anamtaka yule wa kigari, hajamaliza kumfundisha. Augustin akanung'unika njia nzima kwamba gurudumu la kushoto litaibiwa, akaingia kila siku.

Jibu lilifika mahindi yanapoanza kutoa ndevu. Fondation imekubali, kwa mwaka mmoja kwanza. Hawakupewa yote waliyoomba, lakini sufuria zitajaa, na ndani ya hesabu sehemu ya mwenzake wa mgonjwa imehesabiwa kama sehemu ya mgonjwa mwenyewe. Régine alikimbia nayo mpaka karakanani, akasahau kwamba ana magoti mabaya. Augustin alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Vizuri," akashusha miwani yake ya kazi, na kwa muda mrefu akachomelea kitu ambacho kilikuwa kimeshashikana.

Jioni, jua likiwa bado juu ya mabati, Godelive aliwasha jiko la uani. Augustin alifika akasikia ile harufu. Akachukua kiti chake na kikombe chake, akaenda upande upepo unakotoka, akasimama pale. Kisha akakibeba kiti, akaja kukiweka karibu na jiko.

Godelive akasogea kumpisha. Alifungua samaki, akatoa mgongo wote mzima. Akanawa, akamega, akaonja kwanza mbele ya mume wake, akameza, akaisogeza sahani katikati yao, juu ya meza ya chuma aliyotengenezewa na mumewe.

Augustin akala. Akatafuna polepole, kama alivyofundishwa.

"Iko namna gani?" mke wake akauliza.

"Iko na miiba."

"Nimeitoa yote."

Augustin akatazama ndani ya sahani, akatazama meza ile ya chuma, akamtazama mke wake.

"Basi," akasema, "sina maneno." Na akamega tena.